Nzi Aliyevaa Vazi la Nyigu

Kila majira ya joto yawadiapo, sisi tuliojaaliwa bustani ndogo nyuma ya nyumba hapa Uingereza huwasikia watoto wakipiga mayowe, "Nyigu! Nyigu!", na mzazi akatoka mbio, kandambili mkononi. Mara nyingi anayeuawa si nyigu.

Tunayemsema ni nzi. Ana michirizi ya manjano na myeusi kama nyigu, lakini hana mwiba wala sumu. Nchini humu jamii yake ina aina zipatazo 280, ingawa si zote zenye vazi hilo. Ndege aliyekwisha kuchomwa na nyigu humwona huyu akamwepuka, naye akanusurika kwa sifa mbaya ya mwingine. Mwingereza Henry Walter Bates, aliyekaa miaka 11 katika misitu ya Amazon, ndiye aliyelieleza jambo hili mwaka 1862, kwa mfano wa vipepeo.

Kumuua ni hasara. Buu wa yule mdogo wa rangi ya chungwa hula vidukari wanaofyonza utomvu wa mimea, mamia kwa mamia kabla hajakomaa. Akishaota mabawa huzungukia maua na kuyachavusha. Tena wengi wao ni wasafiri kama sisi: utafiti uliotangazwa mwaka 2019 ulikadiria kuwa hadi bilioni 4 huingia na kutoka kusini mwa Uingereza kila mwaka.

Nzi ana mabawa mawili, nyigu manne. Lakini nyigu akitua huyakunja, na mtoto hawezi kuyahesabu. Afadhali kutazama macho: ya nzi ni makubwa, karibu yaenee kichwa kizima, na vipapasio vyake ni vifupi mno. Tena huelea angani pahali pamoja kana kwamba ametundikwa, kisha huchomoka ghafla.

Mwaka jana tulijifanya wajuzi mbele ya mjukuu wetu wa miaka sita. "Mshike, bwana, huyu hana neno." Alikuwa nyigu. Kidole kilivimba hadi Magharibi, na mama yake hakutusemesha hadi Isha. Basi sheria ya nyumbani kwetu sasa ni kutazama bila kugusa. Na mwenye mzio, ambaye mchomo mmoja waweza kumziba pumzi, akichomwa ni kupiga 999 papo hapo.

Mjukuu mwenyewe ametusamehe. Juzi alituita dirishani: "Babu, huyu ana macho makubwa!" Tulivaa miwani kwanza.