Gia Ngapi? Neno Moja, Hesabu Mbili

Malenga akiulizwa tarbia yake ina mizani ngapi, hujibu kwa mshororo: kumi na sita, yaani nane kwa nane. Hajibu sitini na nne, ingawa ubeti mzima wa mishororo minne una mizani hiyo ukijumlishwa. Twajua kwamba hesabu ina mahali pake, na kwamba jumla iliyo sahihi yaweza isimfae anayeuliza. Nalitaja jambo hili kwa sababu ya neno gia, ambalo kwa maoni yangu linawatia hasara wenye baiskeli hapa Bomani, Tarime.

Zamani neno hilo halikuwa na kazi kubwa. Baiskeli iliyojulikana ilikuwa ile nzito, nyeusi, ya Kihindi au ya Kichina, yenye gurudumu moja la meno mbele na moja nyuma. Ukisema cheni, umemaliza. (Kamusi hupenda mnyororo. Fundi hasemi hivyo, nami simlaumu: mnyororo una harufu ya gereza.) Kisha zikaja baiskeli za mitumba zenye vigurudumu vitatu vya meno mbele, na saba, nane au tisa nyuma. Neno gia likabebeshwa yote: mkono wa kubadilishia, kigurudumu chenye meno, mwendo wenyewe, na idadi ya miendo.

Idadi ndiyo inayodanganya. Muuzaji huzidisha ya mbele kwa ya nyuma, akapata gia 21, 24 au 27. Kwa sikio, hizo ni ngazi tatu zilizopishana sawasawa. Kwa cheni sivyo. Baiskeli ya 21 na ya 24 hutumia cheni ya aina moja. Ya 27 hutaka nyembamba zaidi. Kutoka pini hadi pini cheni zote hizo zina nusu inchi, yaani milimita 12.7, ndiyo maana kila moja hukaa kwenye meno na kumlaghai mnunuzi. Tofauti imejificha ubavuni: cheni ya gia nane za nyuma ina upana wa nje wa milimita 7 hivi, ya tisa 6.6 hivi.

Kijana mmoja, jirani yangu, mwenye baiskeli ya 27, aliomba dukani “cheni ya gia nyingi”. Akapewa ya 24. Ikawa inasugua kigurudumu cha pembeni na kulia njia nzima, na fedha zake hazikurudi. Muuzaji alijibu swali aliloulizwa. Swali ndilo lililokuwa kilema. Kinyume chake huvumilika: cheni ya tisa ikifungwa kwenye nane kwa kawaida huzunguka vizuri, maana chembamba hupita penye nafasi.

Najua wapo watakaotaka tuunde istilahi mpya, ndefu, yenye kunukia maktaba. Sioni haja. Kiswahili kina tayari maneno mawili yanayotosha: za nyuma. “Nipe cheni ya gia nane za nyuma.” Hapo muuzaji wa Bomani na wa ng’ambo ya mpaka, Isebania, wataelewana bila kuzidisha chochote.

Mkono wa kubadilishia una ukali zaidi. Katika vipuri vya Shimano, vigurudumu vinane vya nyuma hupishana kwa milimita 4.8, vile tisa kwa 4.34. Mkono wa tisa ukiendesha nane, kila mbofyo hupungukiwa karibu nusu milimita. Mibofyo minne, karibu milimita mbili. Ni kama mshairi anayepunguza mizani moja katika kila mshororo: wa kwanza utampita msikilizaji, wa nne hautampita.

Mikono ya zamani, iliyoenea kabla ya Shimano kuleta ya mibofyo mwaka 1984, haikuwa na shida hiyo. Mpandaji alisukuma huku akisikiliza. Cheni ikinyamaza, akaacha. Fundi anayeufunga mkono huo kwenye baiskeli iliyochanganywa vipuri namwona mwenye busara kuliko anayelazimisha mibofyo isiyolingana. Lakini hata huyo, akienda dukani kununua cheni, na aitaje kwa hesabu ya nyuma.