"SARAFU YAKO INA KOSA, INA MAMILIONI": SOMA HAPA KABLA HUJATUMA ADA

Kuna picha inazunguka sana kwenye magrupu siku hizi: shilingi ya Mwalimu ya 1966, imechorewa duara jekundu, na maneno kwamba ina kosa la kiwandani na kuna mzungu anainunua kwa mamilioni. Mama wa genge anaanza kupekua kopo la chenji. Kijana wa bodaboda anapiga simu kijijini kwa bibi. Halafu anatokea "mnunuzi" inboksi, mpole kweli kweli, anaomba utume kwanza elfu hamsini ya usajili. Huo mtaji wa nyanya ndio umeondoka hivyo.

Mimi sisemi sarafu zenye makosa ni hadithi. Zipo, na zina soko lake. Ninachosema ni kwamba nyingi tunazoonyeshana si makosa, ni majeraha.

Sarafu inatengenezwa hivi: kipande kitupu cha madini kinakaa katikati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mashine inagonga, picha za pande zote mbili zinatokea. Kosa lenye thamani lazima liwe limetokea hukohuko kiwandani. Kilichoipata sarafu baadaye, iwe ni kwenye reli, kwenye moto au chini ya nyundo ya fundi, hata kiwe cha ajabu vipi, huo ni uharibifu tu na unashusha bei.

Chukua hayo maandishi pacha ambayo kila mtu anayaona kwenye sarafu yake. Senti moja ya Marekani ya 1955 ndiyo maarufu: muhuri wenyewe ulitengenezwa ukiwa na picha mbili zilizopishana, kwa hiyo mwaka na maneno yanasomeka mara mbili, kwa macho matupu, na herufi zote mbili zimeinuka. Nzuri yake inapita dola 1,000. Lakini muhuri ukicheza kidogo wakati wa kugonga unaacha kivuli bapa kama kingo ya ngazi pembeni ya herufi. Hicho wakusanyaji hawakilipii kitu, na ndicho wengi wetu tunacho.

Hata kosa la kweli si lazima likutajirishe. Uingereza mwaka 2008 walibadilisha sura ya senti zao 20, tarehe ikahamishwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Muhuri wa zamani ukachanganywa na mpya, sarafu zikatoka hazina mwaka popote. Dunia nzima iliandika habari hiyo. Bei yake leo ni makumi ya pauni.

Tuje kwetu. Zile senti za tundu za wakati wa mkoloni, zenye pembe za ndovu, ni mahali pazuri pa kuangalia, maana tundu linaweza kutoboka nje ya katikati. Ila angalia ndani ya tundu. La kiwandani ni duara safi hata kama limekaa pembeni. La keekee lina mikwaruzo ya kuzunguka na kingo zake zimetuna. Ukiona ambayo haina tundu kabisa, tafuta mstari mwembamba wa duara katikati, huenda kuna mtu ameziba.

Na jamani, herufi ndogo H au KN kwenye hizo senti si kosa! Ni alama za viwanda vya Birmingham kule Uingereza vilivyozigonga. Kuna watu wanaziuza kama "adimu" kwa sababu ya hiyo H tu.

Zinazonivutia mimi ni heller 20 za Tabora za mwaka 1916. Vita ilikuwa imekaza, meli za Waingereza zimefunga bahari, Wajerumani hawapati sarafu kutoka kwao, wakazigonga wenyewe Tabora kwenye karakana ya reli. Karakana ya reli si kiwanda cha sarafu, kwa hiyo nyingi zina picha hafifu, nyingine imekaa upande. Mtu akiiona anapiga kelele "kosa!" Kwa heller ya Tabora huo ubovu ni hali ya kawaida. Wakusanyaji wanachoangalia ni taji ni kubwa au dogo, na ncha za herufi L zimenyooka au zimejikunja, kwa sababu mihuri ilikuwa tofauti. Ukiwa nayo, hayo ndiyo ya kumweleza mteja. Ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, usiinunue kwa mtu barabarani hata akikuapia. Feki zake ni nyingi.

Kitu kingine kinachoniuma ni kusugua. Limao, majivu, dawa ya meno, stilwaya, vyote weka pembeni. Ukishaing'arisha sarafu, mkusanyaji anaona mikwaruzo na anakata bei palepale, hata kama kosa lake ni la kweli.

Kwa mtu anayetaka kuuza, mzani mdogo wa sonara una faida kuliko duara jekundu. Shilingi ya simba ya mkoloni ina gramu 7.8 hivi, na mpaka ya 1946 robo yake ni fedha halisi, kwa hiyo ina thamani bila kosa lolote. Isipungue sana uzito huo, na isishikwe na sumaku. Mnunuzi wa kweli atauliza uzito, na picha za pande zote mbili kwenye mwanga wa mchana. Gharama ya kukagua ni yake. Wewe huna sababu ya kutuma hata mia.

Mwenye senti ya tundu lililokaa pembeni aiweke hapo chini, mbele na nyuma, bila kuisafisha, tuitazame.