Umati Si Baraza

Mwizi wa kuku anapokamatwa sokoni, iwe Maua au Runyenjes, hukumu yaweza kutolewa kabla hajaulizwa hata jina. Watu hupiga ukelele, huokota mawe, na pengine mtu hufa kwa sababu ya kuku. Kuna wanaokiita kitendo hicho "haki ya umati". Mimi ni mwanaisimu, kazi yangu ni kuyachunguza maneno, na naona kwamba neno haki limeazimwa hapo ili kusitiri mauaji.

Baadhi ya wanafunzi wangu hudai kwamba huo ndio uanaki, yaani falsafa ya jamii isiyo na dola: wananchi wajiamulie wenyewe, bila polisi wala hakimu. Dai hilo ni potofu. Neno lenyewe, kwa asili yake ya Kigiriki, lamaanisha kukosa mtawala, wala si kukosa utaratibu. Peter Kropotkin, Mrusi aliyefungwa Ufaransa kuanzia 1883 hadi 1886, aliandika mwaka 1887 kwamba jela haimrekebishi mtu bali humharibu. Mwaka 1902 alitoa kitabu kueleza jinsi kusaidiana kulivyowezesha viumbe na jamii kudumu. Kusaidiana huko kwahitaji watu wanaojuana na kuwajibika wao kwa wao.

Mfano wa jambo hilo tunao nyumbani. Wameru wana Njuri Ncheke, ambayo makao yake ya jadi yako Nchiru, na Waembu wana wazee wa Nyangi Ndiiriri. Kwa desturi, wizi mdogo ulikuwa deni: mali irudishwe, faini ya mifugo itolewe, na ukoo wa mkosaji usaidie kulipa. Ushahidi ulipokosekana, watu waliapishwa. Hata leo kiapo cha nthenge hutajwa katika mashauri ya mashamba huko Meru. Mbele ya wazee, mshitakiwa alikuwa na jina, alikuwa na ukoo wa kumjibia, na alipewa nafasi ya kujitetea. Umati humnyima yote matatu, nao wenyewe hutawanyika bila hata mmoja kuwajibika.

Nayo sheria ya dola ina upungufu wake. Kifungu cha 278 cha Kanuni ya Adhabu kinaruhusu mwizi wa mbuzi kufungwa hadi miaka 14. Miaka hiyo yote haimrudishii mjane mbuzi wake. Ndiyo maana Katiba ya 2010, katika ibara ya 159, inazitaka mahakama ziendeleze upatanishi na njia za jadi, mradi zisikiuke haki za kimsingi. Mwaka 2020 Idara ya Mahakama ilizindua sera kuhusu mifumo hiyo mbadala.

Sisemi kwamba mambo ya kale yalikuwa kamilifu. Njuri Ncheke ni baraza la wanaume, na mtu asiye na ukoo wala mifugo alikuwa na wachache wa kumtetea. Baraza la leo halina budi kuwaketisha wanawake na vijana, kumruhusu asiyeridhika aende mahakamani, na kuyaachia mahakama makosa mazito kama ubakaji na uuaji.

Walimu wenzangu, somo hili laanzia bwenini. Mwanafunzi akiiba blanketi, wenzake humvamia usiku, na mwalimu wa zamu akajifanya hasikii. Vijana hao ndio watakaoyaokota mawe sokoni kesho. Afadhali tuwakalishe asubuhi, mtuhumiwa asikizwe, aliyeibiwa aseme alichopoteza, kisha darasa liamue namna ya kulipwa. Wakizoea kusikiliza wakiwa shuleni, watajua la kufanya watakaposikia ukelele wa mwizi sokoni.