Kabla ya kulaumu, itisha faili

Mtoto akizaliwa na mkono umelegea, mtaani majibu ni mawili tu: amerogwa, ama ni mapenzi ya Mungu. Wasee, hapana. Mara nyingi bega lilikwama baada ya kichwa kutoka, na neva zinazotoka shingoni kwenda mkononi zikavutika. Wengi hupona kwa mazoezi, wengine huhitaji upasuaji.

Na si lazima iwe uzembe. Bega hukwama hata mkunga akiwa makini. Lakini utajuaje bila faili? Mle ndani ndimo kunafaa kuwa na uzito wa mtoto, nani alikuwa zamu, na walifanya nini bega lilipokwama. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari hizo. Andika barua, baki na nakala.

Hauna doo ya wakili? FIDA husaidia akina mama. Daktari mshtaki kwa KMPDC. Ila usilale: kesi ya uzembe kwa kawaida ina miaka 3, na ukishtaki serikali ni miezi 12 tu.

Kwa hivyo msichana wa miaka 19 akiambiwa "enda nyumbani, itapona," aulize hapo hapo: isipopona, nirudi lini? Na faili yangu iko wapi?