Kitabu cha Wageni: Utafiti Usiorudi Kijijini

Katika ofisi ya mtendaji wa kijiji kimoja wilayani Rungwe, mwendo mfupi kutoka Tukuyu mjini, kuna kabati la mbao lenye vitabu vya wageni vya miaka mingi, kurasa zake zimevimba kwa unyevu wa mvua za huko. Mwaka jana nilifika hapo na wanafunzi watatu wa shahada ya uzamili. Tulipokwisha kusaini, nikaomba nione kitabu cha miaka kumi na mitano iliyopita. Jina langu lilikuwamo, kwa mwandiko wa ujana, na katika safu ya madhumuni ya ujio niliandika neno moja: Utafiti. Nikafunua kurasa za kabla na za baada. Utafiti wa ardhi. Utafiti wa chai. Utafiti wa uchaguzi. Utafiti.

Nikamwuliza mtendaji ni ripoti ngapi za watafiti hao zimo ofisini mwake. Kijana yule alilikagua kabati kwa adabu, kisha akajibu: "Mwalimu, hapa zipo barua za kuwatambulisha tu."

Ninalieleza tukio hili kwa sababu idara yetu inaandaa mfululizo wa warsha za utafiti wa sayansi ya siasa kwa wanafunzi wa uzamili na wahadhiri wachanga. Ratiba ina warsha nne: kuunda swali la utafiti, sampuli na hojaji, uchambuzi wa takwimu kwa kompyuta, na uandishi wa makala kwa majarida ya kimataifa. Zote zitafanyika chuoni. Nimependekeza warsha ya tano, ifanyike Tukuyu, ambamo watafiti watayasoma matokeo yao kwa Kiswahili mbele ya watu waliowahoji. Baadhi ya wenzangu wamelipokea pendekezo hilo kama jambo la hisani: jema, lakini halimo katika taaluma. Mimi nadai kwamba limo katika kiini cha taaluma. Tokeo ambalo halijasomwa mbele ya waliolitoa ni tokeo ambalo bado halijapimwa.

Ushahidi wangu wa kwanza ni kosa langu mwenyewe. Katika tasnifu yangu niliandika kwamba wananchi wa kijiji kile walikuwa na imani kubwa na serikali yao ya kijiji. Nilikuwa na majedwali ya kuthibitisha, na watahini waliyasifu. Safari hii nilimtembelea mmoja wa wazee niliowahoji zamani, nikamsomea hitimisho hilo chini ya migomba yake. Alisikiliza hadi mwisho, akacheka bila dhihaka. "Mwalimu," akasema, "siku ile mtendaji wa wakati ule alikuwa amekaa pale mlangoni. Ulitaka niseme nini?"

Nilikuwa nimemsahau kabisa yule mtendaji. Hakuwamo katika hojaji wala katika majedwali. Lakini alikuwamo katika kila jibu.

Wanaoufahamu utaratibu wetu watajua alifikaje pale mlangoni. Mtafiti huchukua barua chuoni, akaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani, kisha kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mtendaji wa kijiji, ambaye humkabidhi kwa mwenyekiti wa kitongoji. Utaratibu huu una sababu zake, na siuombei ufutwe: mgeni anayehoji watu nyumba kwa nyumba lazima ajulikane. Lakini kila ngazi humwongezea mtafiti vazi jingine la mamlaka. Anapofika mlangoni kwa mwananchi ameshakuwa mtu wa serikali, na swali lake kuhusu serikali huulizwa kwa sauti ya serikali.

Wenzetu wa Afrobarometer, ambao wamekuwa wakikusanya maoni ya Watanzania tangu mwaka 2001, wanalijua tatizo hili. Mwishoni mwa mahojiano humwuliza mhojiwa anadhani ni nani aliyewatuma, na wahojiwa wengi hutaja serikali. Mwaka 2002 Amon Chaligha, Robert Mattes, Michael Bratton na Yul Derek Davids walipochambua matokeo ya kwanza ya Tanzania, waliliweka fumbo katika kichwa cha makala yao: je, Watanzania ni raia wasiohoji, au ni wadhamini wenye subira? Ni swali zuri. Ninachoongeza ni kwamba kompyuta pekee haiwezi kulijibu. Sehemu ya jibu iko kwa mzee yule, naye hulitoa pale tu mtafiti anaporudi mara ya pili, bila msindikizaji.

Rungwe ina historia ndefu ya kutafitiwa. Kati ya mwaka 1934 na 1938 Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa, wakisaidiwa na wenyeji kama karani Leonard Mwaisumo. Mwaka 1951 Monica Wilson alichapisha kitabu Good Company, kinachoeleza vijiji vya marika: vijana wa umri mmoja walivyotoka kwa wazazi wao wakajijengea kijiji chao, na jinsi kizazi kimoja kilivyokikabidhi kizazi kingine utawala katika tambiko la ubusoka. Kwa mwanafunzi wa siasa hii ni hazina. Nchi zinazohangaika leo na suala la viongozi kung'atuka zingeweza kujifunza jambo kutoka kwa watu walioufanya urithishaji wa madaraka kuwa sherehe ya hadhara.

Lakini hazina hiyo iko wapi? Kitabu kiliandikwa kwa Kiingereza. Nyaraka za akina Wilson zinatunzwa katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwanafunzi wa sekondari pale Tukuyu anayetaka kujua babu zake walivyokabidhiana madaraka atapaswa kusafiri nchi kadhaa na kujua lugha ya kigeni. Siwalaumu Wilson, waliofanya kazi katika zama za ukoloni na waliokaa na watu muda mrefu kuliko wengi wetu. Najilaumu mimi na kizazi changu, kwa kuwa tumekuwa huru kwa zaidi ya miaka sitini na bado tunatafiti kwa mtindo ule ule wa kuchukua na kuondoka.

Kitabu hicho kinalipa uzito neno moja la Kinyakyusa ambalo ningependa liandikwe ukutani katika kila warsha yetu: ukwangala. Ni kufurahia kukaa na wenzako, kula pamoja na kuzungumza kama watu walio sawa. Hojaji ya dakika arobaini haina ukwangala. Huwezi kukaa sawa na mtu ambaye kauli yake unaiondoa usiirudishe.

Nimesikia pingamizi tatu. La kwanza ni usalama: kusoma matokeo hadharani kunaweza kuwafichua wahojiwa. Hoja hii ni nzito, ndiyo maana nasema warsha ifundishe namna ya kurudi. Mtafiti aanze na vikundi vidogo vya wahojiwa wenyewe, bila kiongozi yeyote. Wayasahihishe matokeo, waseme lipi lisomwe na lipi libaki. Majina na vitongoji viondolewe. Baada ya hapo ndipo muhtasari upelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Jukwaa lipo, watafiti ndio hatujawahi kuomba nafasi katika ajenda zake.

Pingamizi la pili ni gharama. Hapa naomba tuseme ukweli. Warsha zetu zina bango, chai ya saa nne, chakula cha mchana na posho ya kikao. Bajeti ya siku moja ya shughuli hiyo mjini inaweza kuwasafirisha wanafunzi hadi Tukuyu na kuchapisha muhtasari wa kurasa nne. Fedha ipo, ila imezoea kutumika kwingine.

La tatu ndilo gumu zaidi: mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala za majarida ya kimataifa, si kwa muhtasari uliobandikwa ofisini kwa mtendaji. Ni kweli, na hapo ndipo vyuo vyetu vinapaswa kubadilika. Hata hivyo, makala ninayoiandika sasa kutokana na kicheko cha yule mzee itakuwa bora kuliko tasnifu yangu, kwa sababu safari hii ninajua nani alikuwa amekaa mlangoni.

Kwa ndugu zangu watumishi wa halmashauri nina ombi dogo: mtafiti anapoleta barua, mwulizeni tarehe ya kurudi, na muiandike. Kwa wanaharakati: ripoti zenu nazo huzinduliwa hotelini mjini, hivyo lawama hii tugawane. Kwa wanafunzi wangu: msiamini jedwali ambalo hamjawahi kumsomea mtu aliyemo ndani yake.

Kamati ya ratiba itakutana mwezi ujao, na huenda pendekezo langu likakataliwa. Hata likikataliwa, muhtasari wa tasnifu yangu tayari nimeuandika upya, kwa Kiswahili, na hitimisho lililosahihishwa. Nitaupeleka mwenyewe. Nitakapofika nitasaini tena kitabu cha wageni, na katika safu ya madhumuni ya ujio nitaandika: Kurudisha.