Watazamaji wa Ngonga na Watungaji wa Tamthilia

Husemwa na baadhi ya wahakiki na watungaji wa tamthilia za televisheni kwamba mtazamaji wa shamba hajui kutazama. Kosa analoshitakiwa ni kubishana na picha: humlaumu mhusika kana kwamba ni jirani yake, humkataza mke kumrudia mume mwovu, na kipindi kikiisha huendelea kuteta njiani hata afike kwake. Shitaka hili limezoeleka mno hata hakuna alihojiye. Walakini mtu akiyasikiliza maneno ya watazamaji hao kwa makini, badala ya kuyacheka, ataona kuwa aghalabu haki iko upande wao.

Ngonga ni kata ya wilaya ya Kyela, katika nchi ya mpunga na kakao iliyo kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Huko, kama mahali pengi pa Tanzania, tamthilia hutazamwa na watu wengi pamoja, nyumbani kwa mwenye televisheni au katika banda la kulipia ambalo vijana wameliita kibanda umiza. Ni nchi ya Wanyakyusa, na mtazamaji wa Kinyakyusa haji mbele ya picha akiwa mtupu.

Ni mara ngapi tamthilia zimemwonyesha mke aliyeonewa akifunga mzigo wake, akapokewa na baba yake kwa machozi ya furaha, na baada ya vipindi viwili akachumbiwa na mwingine? Mhakiki wa mjini huona hapo ushujaa wa mwanamke. Mzee wa Ngonga ana swali la kuuliza kabla ya kumsifu: ng'ombe wako wapi? Kwa desturi ya Kinyakyusa ndoa ilifungwa kwa ng'ombe, na ilipovunjika ng'ombe walidaiwa. Baba aliyekwisha kuwatoa ng'ombe wale kumwoza mwanawe wa kiume, huku binti asimama mlangoni na mzigo, ana deni mbele yake na hana cha kulipia. Hicho ndicho kisa chenyewe, nacho mtungaji amekiruka. Ameuondoa mgogoro uliokuwa tayari mkononi mwake, akaweka muziki wa huzuni mahali pake. Swali la mzee ni uhakiki wa msuko, tena mkali kuliko mwingi unaochapwa magazetini.

Au litazamwe jambo la mkwe. Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1935 hadi 1938, alieleza jinsi mke wa mwana alivyopaswa kujiepusha na baba mkwe wake: asimtazame, wala wasikutane njiani. Hata pale desturi hiyo ilipolegea, kumbukumbu yake haikufutika. Basi tamthilia ikimweka msichana uso kwa uso na baba mkwe, akimnyoshea kidole na kumkaripia, mtazamaji aijuaye desturi hiyo huona tendo zito mno, la mtu aliyekwisha kukata tamaa ya kila kitu. Katika kipindi kifuatacho msichana yule yule anamwandikia mzee chai, wala hakuna aliyeomba radhi! Mtazamaji akisema kuwa mtu huyu si mmoja, amesema kweli. Mtungaji ameumba watu wawili akawapa jina moja.

Asili ya udhaifu huu si ya leo. Televisheni ilianza Unguja mwaka 1973, na Bara ikangoja hadi 1994. Redio ndiyo iliyowazoeza watu mchezo wa kuendelea. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza Twende na Wakati, kwa njia ya Miguel Sabido wa Meksiko: wahusika wema, wahusika wabaya, na wale wa katikati wanaobadilika. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake wengi njiani, alitiwa katika ubaya akaishia kupata UKIMWI. Tunu, mkewe, alitoka katika unyonge akaanza biashara yake. Kusudi lilikuwa jema, maana maradhi yalikuwa yakiua, na waliofanya kazi ile wastahili shukrani. Lakini watungaji waliofuata wameshika mgawanyo bila kushika sababu yake. Malori yaendayo Malawi hupita Kyela kwenda mpakani Kasumulu, na dereva huko ni mume wa fulani, mlipa ada ya watoto wa fulani. Mtu wa huko aweza kuuliza kwa nini tajiri mwenye lori, anayemweka dereva barabarani wiki nzima, hana nafasi katika hadithi wala hapati adhabu yoyote.

Baya kuliko yote ni mhusika aitwaye mshamba. Katika tamthilia nyingi mtu wa mkoani huingia Dar es Salaam ili achekwe, au huachwa kijijini ili awe mchawi. Mtazamaji wa Ngonga akikataa picha hiyo huambiwa kwamba haelewi sanaa. Mtu anatukanwa, kisha anazuiwa kulijibu tusi kwa hoja kwamba tusi ni la kuigiza!

Wapo wanaosema kuwa hadithi ni mali ya mtungaji, na kwamba umma ukisikilizwa utaiharibu. Hutaja mfano wa Conan Doyle, aliyemuua Sherlock Holmes mwaka 1893, na kelele za wasomaji zikamfuata hata akamrudisha hai mwaka 1903. Mfano huo haufai hapa. Wasomaji wale walitaka mpenzi wao afufuliwe; swali la ng'ombe halimtaki mtungaji amfufue mtu wala abadili mwisho. Mke na aondoke, kama mtungaji ameamua hivyo, na baba ampokee. Lakini aonyeshe deni lilivyolipwa. Onyesho moja la dakika mbili latosha: baba yuko uani na mjumbe wa upande wa mume, wanahesabu ng'ombe, na binti anasikia hesabu kutoka ndani.