Laptopu Yako Haijazeeka, Imebebeshwa Mizigo

Wasee, kabla ukope pesa ya laptopu mpya, hebu nisikize kidogo.

Yangu ni ya mtumba, niliitoa Luthuli. RAM ni 4GB na betri ilikufa kitambo, so stima ikipotea hata sekunde mbili, imezima. Na huku Kawangware stima inapenda kukonyeza. Kila ikikonyeza naanza upya: dakika nne na nusu za kutazama vidoti vikizunguka. Nilizipima na simu.

Kuna jioni ilikonyeza mara tatu mteja akingoja posta ya harusi ya dadake. Mara ya tatu akaniambia ameshapata mtu mwingine. Elfu mbili na mia tano hiyo, na kichwani nilikuwa nimeshailipia kodi.

Fundi mmoja tao akaniambia, "Hii tupa, tafuta ingine." Ni rahisi kusema hivyo kama hiyo ingine unaiuza wewe. Tena alikuwa na sababu tayari: Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0, ambayo mashine nyingi za zamani hazina.

Mimi nikaweka Lubuntu. Ni Ubuntu ile ile, ila imevaa LXQt, meza nyepesi isiyo na mapambo. Ni ya bure. Kupakua ni kama GB 3, kwa hivyo usichome bando, tafuta WiFi ya mtu. Flashi ya 8GB inatosha. Na hifadhi faili zako kwingine kwanza, manze, usije ukanilaani.

Kuwaka kukashuka hadi kama dakika moja na nusu. Halafu nikaandika systemd-analyze blame, na hapo ndipo nilishtuka. Inakupa orodha ya kila huduma na muda iliochukua kuwaka. Kulikuwa na huduma ya printa, na sijawahi kumiliki printa. Nyingine ilikuwa ikitafuta modemu. Nyingine kazi yake ni kungoja tu mtandao uunganike. Nilisoma kuhusu kila moja kabla ya kuizima kwa systemctl disable, kwa sababu ukizima usichokijua utalala macho. Sekunde 55.

Sitawadanganya: kilichoishusha hadi sekunde 19 ni SSD niliyoiweka baadaye. Diski ya kuzunguka ni konokono. Na RAM ya 4GB bado ni 4GB, ukifungua tabo ishirini itakohoa. Photoshop pia nimeiaga, sasa ni GIMP na Inkscape, na mwezi wa kwanza nilitukana sana. Kama unaishi kwa gemu au mteja wako anadai faili za Adobe, baki ulipo.

Kinachoniuma ni kwamba shuleni tulifunzwa batani za kampuni moja tukaambiwa hiyo ndiyo kompyuta. Hakuna aliyetuonyesha mahali pa kuuliza mashine inafanya nini ikiwaka. Ndiyo maana fundi akisema tupa, tunatupa, halafu tunaingia deni la miezi sita.

Jana usiku stima imekonyeza tena. Nilikuwa nimerudi kwa posta yangu kabla jirani amalize kutukana.